Chumvi ya Mama Mkwe Ndani ya Ndoo

Jumatatu, 2 Mei 1977
Asha amemimina chumvi ndani ya ndoo ya maji, sasa hivi tu. Yote. Akakoroga kwa mwiko kama anavyoniona nikikoroga uji. Ilipopotea akapiga makofi. Miaka miwili na nusu. Sikuweza kumchapa.

Nilikuwa nimeinamia daftari la masomo ya jioni. Kosa langu.

Chumvi ni ya mama mkwe. Baba Asha aliipata duka la kambi yao ya jeshi, mjini hakuna. Jumapili Mama mkwe anarudi nayo kwake Bombo. Ametazama ndoo, akasema, "Ndicho unachosomea hicho, Mama Asha?" Ijumaa Baba Asha akija, atamwambia mwanawe masomo basi. Naye atakubali. Nilitaka nifike mtihani, niingie kliniki, nivae gauni jeupe.

Jumanne, 3 Mei
Mwalimu alichoma sukari kwenye kijiko. Darasa zima tuliguna. Sukari! Ikawa nyeusi, chungu. Akasema, "Haya, nirudishieni." Akatueleza: Hicho kimekuwa kitu kingine, hakirudi. Lakini kilichoyeyuka majini kimejificha tu.
"Hata chumvi, mwalimu?"
"Hata chumvi."
Nimerudi nyumbani Kisugu na woga. Nilichokiona kwa macho ni kile kisichorudi.

Jumatano, 4 Mei
Nimechemsha maji ya ndoo tangu asubuhi. Maji yanapungua, chumvi siioni. Mkaa umeisha. Huo umekuwa majivu, nani ataurudisha? Mama amechungulia sufuria: "Leo tunakula mvuke?" Mgongo wauma.

Alhamisi, 5 Mei
Maji yaliyobaki nimeyamwaga kwenye sinia, juu ya mabati ya jiko. Adhuhuri ukingoni pameota weupe. Kisha wingu. Nilikimbia na Asha mgongoni, nikaiwahi. Matone machache tu yaliingia. Nimelia, na mvua yenyewe ikaishia hapo.

Ijumaa, 6 Mei
Sinia nyeupe yote! Nimekwangua kwa kijiko.

Baba Asha amekuja na kimya chake cha siku hizi. Hata buti hakuvua. Mama akamweleza yote, hakuacha hata mwiko. Akatia chumvi ulimini. Mimi nimesimama kama mshtakiwa. Baba Asha naye akalamba. Akacheka. "Binti anaipoteza, mama anaitafuta!" Nilishasahau anavyocheka.

Mama akauliza, "Na ile sukari ya mwalimu uliyonisimulia, kweli hairudi?"
"Hairudi, Mama."
"Basi nenda ukajifunze zipi zinarudi. Mtoto nitakushikia nikija."

Jumapili, 8 Mei
Wameondoka. Mama ameniachia konzi moja ya chumvi, kwenye karatasi. Nimeiweka juu kabisa, Asha asiifikie.

Baba Asha alivaa kofia, kimya kikarudi palepale. Mlangoni hakugeuka.

Nyumba imetulia. Naandika ya darasa la kesho. Chumvi: inarudi. Sukari iliyoungua: hairudi. Mkaa: haurudi. Ndizi iliyoiva: nadhani hairudi, nitauliza. Asha ameamka, ananiita, na bado sijajua kicheko cha baba yake nikiweke upande gani, wa vinavyorudi au wa visivyorudi.