Tanuri Lililo Chini Yako

Mke wangu Mama Koku,

Mvua za msimu huu zimeangusha migomba mingi kando ya kaburi lako, nami sina tena nguvu ya kuiwekea miti ya kuiegemeza.

Unakumbuka jembe lako lilivyogonga kitu ulipokuwa ukipalilia maharage? "Mwalimu, njoo! Nimepata upanga wa shaba!" Mpini wake ulizungushiwa waya uliogeuka kijani. Nami, kama kawaida yangu, nikaanza somo. Nikakueleza kuwa watu wa kale wa nchi nyingine waliyeyusha shaba, wakaichanganya na bati kama hili linalochimbwa kwetu Kyerwa, wakaimimina kwenye kalibu upanga ukatoka mzima. Wahunzi wa Karagwe walifua chuma kwa nyundo. Upanga wako ulikuwa wa chuma; shaba ilikuwa ule waya tu. Nikakuonyesha pale udongoni mabonge meusi yaliyobaki baada ya kuyeyusha, mavi ya chuma.

"Kumbe hata chuma kinakunya!" Ulicheka hadi ukakaa chini. Kisha ukaniuliza, "Na huu waya waliuvutaje ukawa mwembamba hivi?"

Sikujua. Tangu hapo, kila nilipojidai mezani, ulininyamazisha: "Mwalimu, waya?"

Ulipougua ukasema, "Mnizike pale nilipopata upanga. Pengine nitajua kabla yako."

Mwezi uliopita walikuja wataalamu wa mambo ya kale. Binti mmoja akapiga goti, "Shikamoo babu," akanieleza kwa upole kwamba vipimo vyao vinaonyesha tanuri la wahunzi liko chini yako, na huenda vifaa vyao vya kuvutia waya vipo hapohapo. Waliomba tukuhamishe.

Binti yetu Koku alilia. "Baba, mtu hahamishwi kama chipukizi la mgomba."

Nilizunguka kibanja, shamba letu la migomba, kutwa nzima. Nilitaka kujua, Mama Koku. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, na swali lako ndilo pekee ninalolala nalo na kuamka nalo. Lakini nilipofikiria sururu ikishuka mahali kichwa chako kilipo, mdomo ulijisemea wenyewe: hapana.

Wakauchukua upanga wakaondoka kuelekea mjini Omurushaka. Sasa nakula ndizi zangu peke yangu, na hakuna wa kunisumbua.

Nafasi iliyo kando yako nimewaambia watoto ni yangu. Nikilazwa hapo tutakuwa wawili juu ya tanuri lile, na hakuna atakayelifungua tena.

Mumeo,
Baba Koku