Nyuso Thelathini za Kucheka

Kwako mdogo wangu, tumbo moja,

Mimi kaka yako nina miaka sabini na minane, na ukisikia mtu anasema sabini na tano mwambie ananipunja. Nimeishi kuliko baba yetu, kuliko dada zetu wawili, kuliko wake wawili, kuliko mafundi kumi na mmoja niliowafundisha mwenyewe kushika mwiko wa uashi, na kuliko yule daktari aliyeniambia nikiwa na hamsini kwamba moyo wangu umechoka. Moyo upo. Yeye hayupo.

Hujambo lakini? Shemeji hajambo? Goti lake limepoa, au bado linamtabiria mvua? Huku sisi ni wazima, paa halivuji, na mimi natembea bila fimbo. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, leo siku ya tatu. Unajua nilijifunza kusoma ukubwani, na herufi zangu bado zinakwenda kama walevi, kila moja imemwegemea mwenzake. Usicheke. Ningeweza kukupigia simu, lakini najijua: nikishika simu naanza kujisifu, na maneno ya leo hayataki sifa.

Shemeji alinipigia Jumapili. Akasema Alhamisi ya wiki ijayo unaingia kupasuliwa ngiri, kwamba hospitali ya huko kwenu nayo imeingia katika ule utafiti wa kadi ya nyuso, na kwamba utapewa kadi. Nikafurahi. Kisha akacheka, akasema wewe umeshaapa utazungushia uso wa kucheka siku zote thelathini, kama kaka, na vidonge vya maumivu utavitupa dirishani, kama kaka. Aliposema hivyo nilitafuta kiti nikakaa. Ndugu yangu, isome barua hii yote kabla ya Alhamisi hiyo. Ukiimaliza utanitukana, lakini utaingia hospitali na akili zako, si zangu.

Ngiri yangu nilikaa nayo miaka kumi na mmoja. Niliipata kwa jiwe la msingi nililolinyanyua peke yangu wakati vijana wanne wamesimama wanakuna vichwa. Nikaifunga mshipi wa ngozi, nikaendelea na kazi. Ukuta wa nyuma wa hospitali yenyewe, ule mrefu wa kuelekea chumba cha kufulia, niliujenga nikiwa na ngiri hiyo, na mpaka leo haujaonyesha ufa. Kwa hiyo nilipolazwa niliwatangazia wodini kwamba sikuja kutibiwa, nimekuja kukagua kazi yangu.

Siku moja kabla ya kisu akaja binti wa utafiti. Si muuguzi wala daktari, kazi yake kuuliza na kuandika. Alituambia kwamba wengi hawaharibikii mezani, wanaharibikia nyumbani, wiki moja baadaye, mshono unapoanza kuoza kimyakimya na mwenyewe anangoja tarehe ya kurudi. Wao wanataka kujua kama mgonjwa akiulizwa hali yake kila mara akiwa nyumbani atapona vizuri kuliko yule aliyepewa tarehe tu. Tukachagua bahasha zilizofungwa, nyingine zina kadi, nyingine tarehe tu. Yangu ikatoka na kadi. Ina mistari thelathini, na kila mstari una nyuso tano, kuanzia unaocheka mpaka unaolia. Jioni unazungushia unaofanana na wako. Kila siku ya tatu wanakupigia simu. Ukisema uso wa nne au wa tano, au kwamba una homa, siku hiyohiyo muuguzi anakuja kwako kwa pikipiki na sanduku la dawa.

Niliposikia habari ya pikipiki nikasema moyoni, mlangoni kwangu haitasimama. Mtaa mzima unaniita Jiwe. Watu waone Jiwe anafuatwa na muuguzi kama mtoto mwenye surua?

Kwenye kitanda cha jirani alilala fundi cherehani, naye na ngiri, naye na kadi. Tulipasuliwa asubuhi moja, mimi nikatangulia. Mtu mwembamba, mpole, miaka hamsini na kitu. Sista alipomjia na sindano akafumba macho, nami nikamwambia kwa sauti wodi nzima isikie, mtu amedunga nguo miaka thelathini halafu yeye mwenyewe anaogopa kudungwa! Akanijibu kwamba nguo hazijawahi kumlalamikia, ndiyo maana hakujua kama inauma hivi. Wodi ikaangua kicheko, mpaka yule mwenye nyuzi kuanzia kifuani hadi kitovuni akatusihi tunyamaze, tutampasua upya. Nilimpenda mtu huyo palepale.

Kesho yake sista akatuamuru tuinuke tutembee, maana siku hizi mgonjwa haachwi alale mpaka damu igande. Nikamwambia fundi tushindane kufika mlangoni. Nikamshinda. Akaniuliza siri yangu, nikamwambia sina siri, vidonge vyenyewe nimevitupa dirishani. Alinitazama kama mtu anayetazama jengo la ghorofa.

Tukaruhusiwa, kila mtu kwake, yeye mtaa wa pili tu. Jioni ya kwanza nikachukua kalamu na kuzungushia nyuso za kucheka zote thelathini kwa mkupuo mmoja, kama napiga lipu. Kisha nikampigia fundi kumwambia kadi yangu imekwisha. Alicheka mpaka akakohoa na kushika mshono. Akasema basi na yeye hakubali kushindwa na babu mzima.

Hospitali walipopiga siku ya tatu nikawajibu uso wa kwanza. Siku ya sita, uso wa kwanza. Binti wa utafiti akanisifu, akasema siku moja wangependa niwatembelee wagonjwa wapya niwape moyo. Unakumbuka nilivyokupigia kukusimulia? Saa nzima hukupata nafasi hata ya kukohoa.

Siku ya tisa, asubuhi, fundi akanipigia. Sauti ilikuwa ndogo. Akasema mshono umekuwa wa moto, unatoa maji yenye harufu, na usiku ametetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Akaniuliza kama na wangu uliwahi kufanya hivyo, maana jioni hospitali watapiga na hajui awaambie nini. Nikamwambia ukuta mpya lazima utoe maji kabla ya kukauka. Nikamwambia wangu umeshakauka, na kwamba muda ule niko juu ya jukwaa napanga tofali. Nikamwambia kama anataka pikipiki ije imwaibishe mbele ya wateja wake, shauri yake. Akacheka kidogo. Akasema, haya, Jiwe. Jioni walipompigia akawaambia uso wa kwanza.

Siku ya kumi na mbili walimbeba juu ya godoro mpaka hospitali. Wakampasua tena. Usaha ulikuwa umeshaingia ndani kabisa na sumu imetembea kwenye damu. Siku ya kumi na nne akafa. Nilikwenda msibani, nikabeba jeneza, nikasifiwa kwamba mzee huyu naye ametoka kisuni juzi tu na bado anabeba. Kwenye cherehani yake ilibaki sketi ya shule ya mtoto wa mtu, upande mmoja umeshonwa, mwingine umeshikizwa kwa pini.

Kadi zilipokwisha muda, binti wa utafiti akaja kwangu kuchukua yangu. Macho yake yalikuwa yamechoka. Akaniambia fundi ameandikwa kwamba aliharibika ghafla bila dalili, na mkubwa wao anasema kama kadi na simu vimeshindwa kumwona mtu aliyekuwa anaoza, basi huenda vyote ni kazi bure, na pikipiki ziondolewe. Akaniuliza, kwa kuwa tulikuwa marafiki, kama marehemu aliwahi kuniambia chochote. Nikasema hapana. Nikamwandalia chai. Akanywa, akanishukuru, akaondoka na nyuso zangu thelathini mkobani.

Sasa mdogo wangu, nimefika pagumu, na jana niliishia hapa nikaiweka kalamu.

Mshono wangu haukukauka. Siku ya tano ulianza kuvimba, na siku ya sita, nilipomaliza kumwambia binti kwamba nacheka, nilivua shati nikakuta usaha. Sikumwambia mtu. Nilipanda gari mpaka upande wa pili wa mji, kwenye zahanati ndogo nisikojulikana, nikasafishwa kidonda na kuandikiwa sindano tano, moja kila siku. Vidonge vya maumivu sikutupa hata kimoja. Vyangu nilimeza vyote, na siku ile ya kushindana nilimeza na viwili vya fundi alivyoviacha kwenye kisahani alipokwenda chooni. Ndivyo nilivyomshinda.

Na siku ya tisa aliponipigia, sikuwa juu ya jukwaa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati, mkono wa shati umekunjwa, nangoja sindano ya nne. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja na mtoto wake. Niliinuka nikaenda kuongelea nje, ili fundi asimsikie mganga akiita mgonjwa anayefuata. Nilijua kabisa maji yale ni ya nini. Yangu yalinuka vilevile. Nilimwambia avumilie kile ambacho mimi sikukivumilia hata siku moja, kwa sababu tu aliniita Jiwe na nilipenda anavyoniita.

Jumatatu, baada ya simu ya shemeji, nilikwenda kwa binti wa utafiti nikamwambia yote. Nilidhani atachana kadi yangu. Akasema wao hawachani wala hawafuti, wanaandika pembeni na kutia tarehe. Akaniomba nirudie polepole. Kwenye mstari wangu akaandika kwamba kidonda kilioza siku ya sita, kikafichwa. Kwenye mstari wa fundi, kwamba dalili zilikuwapo siku ya tisa. Nilitamani anitukane. Yeye akaniuliza kama bado naumwa. Nikamwambia ndiyo, nikikohoa. Akaliandika na hilo. Habari ya pikipiki hakuniahidi kitu, alisema wakubwa wataisoma.

Kisha nikaenda kwa mjane. Nilianza kumweleza, akanikatisha, akasema anajua. Siku ile fundi alikuwa amebana kitambaa kidondani kwa mikono miwili, simu ameiweka mezani kwa sauti kubwa. Mjane alisikia kila neno langu. Alitaka kuwapigia hospitali, mumewe akamkataza, akasema kama mzee wa miaka sabini na minane yuko juu ya jukwaa, yeye alie kwa kipi. Hakunifukuza, wala hakuniambia nikae. Aliniuliza jambo moja tu, siku hiyo nilikuwa najenga ukuta wa nani. Nikamwambia sikuwa najenga, nilikuwa nimekaa. Akafunga mlango, polepole, kama kuna mtu amelala ndani.

Basi ndugu yangu, nakuomba, na unajua mimi sijawahi kukuomba kitu. Meza vidonge kama ulivyoandikiwa. Zungushia uso ulio nao jioni hiyo. Ukiwa wa kulia, zungushia wa kulia. Joto likipanda, usingoje wakupigie, wapigie wewe. Pikipiki ikija, iache isimame mlangoni ipige honi mpaka mtaa mzima utoke kutazama. Na mtu yeyote akikwambia kaka yako alicheka siku thelathini, mwonyeshe karatasi hii.

Msalimie sana shemeji, mwambie asicheke tena habari yangu kwenye simu. Wasalimie watoto wote na wajukuu. Mungu akipenda, siku ya upasuaji nitakuwa kwenye kiti nje ya mlango, na nitakaa kimya.

Ukiona nimetia chumvi, watu wa kukuhakikishia wapo. Muulize binti wa utafiti, ana kila kitu kwenye daftari. Muulize mjane wa fundi, akikufungulia. Na ukija huku, muulize mganga wa ile zahanati, ana mgonjwa wa sindano tano kwenye kitabu chake na tarehe zake. Ila usimtajie jina langu, hatalijua. Nilipoulizwa naitwa nani, nilimpa lako.

Kaka yako,
mwashi