Mtaalamu wa Kupunguza Watu

Tarehe 3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje, na Mama hajambo? Mimi ni mzima, isipokuwa mafua, ambayo yanapita bwenini kitanda kwa kitanda kama karani wa sensa.

Nimeusoma mara mbili mchezo uliouandika kwa ajili ya mkutano wa kiwanda cha mabomba. Nimeuelewa hivi: meneja anataka wafanyakazi wachangamke, kwa hiyo utaingia kama mtaalamu kutoka makao makuu, uwatishe kwamba umekuja kupunguza watu, halafu uanze kupunguza vitu vya ajabu, kama kivuli cha mlinzi na kikohozi cha mhasibu, mpaka wagundue kuwa wewe ni mchekeshaji. Kwenye kikohozi nilicheka hadi matroni akaniuliza kama nina homa.

Umeniuliza utafanyaje wakuamini mwanzoni. Fanya kama mwalimu wetu wa nidhamu. Hatabasamu wala hapazi sauti. Anatazama karatasi, hamtazami mtu. Anakutaja kwa kazi yako, "kiranja wa chakula", kisha ananyamaza. Huko kunyamaza ndiko kunakotumaliza.

Natumaini watakupenda na kukuita kila mwaka, ili usizunguke tena mji hadi mji na begi la mawigi.

Mwanao

*

Tarehe 14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole na mafua. Mgongo wangu upo, kila asubuhi unanikumbusha kuwa bado ni wangu. Mama yako hajambo, anakusalimu.

Mchezo haukwenda vizuri. Nakueleza, maana nisipokueleza utaniuliza mpaka nichoke zaidi.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa chakula wa kiwanda, watu themanini, feni moja inazunguka kwa uvivu. Meneja akanitambulisha bila kucheka. Nikafungua faili, nikasoma: "Mtunza stoo." Nikanyamaza, kama ulivyonifundisha. Ilibaki sentensi moja tu, kwamba mtunza stoo atabaki, ila stoo yenyewe ndiyo itakayopunguzwa. Kabla sijaitamka, mama mmoja wa makamo, mwenye koti la bluu, akasimama kule nyuma. Akaja mbele polepole, akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya faili langu.

"Asanteni kwa miaka kumi na tisa," akasema. "Daftari liko sawa. Kila kitu kimeandikwa."

Akatoka.

Nilidhani atageuka. Watu wakaanza kuhisi kuwa ni mchezo, wakadhani naye yumo, wakampigia makofi. Nami nikaendelea. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu. Niliendelea hadi kwenye kikohozi, na walicheka.

Baadaye nikamwomba meneja amwite. Akanijibu, "Si ameacha mwenyewe? Watu themanini wamesikia. Usiharibu kazi nzuri bwana, mwakani tutakuhitaji."

Nimechoka.

Baba yako

*

Tarehe 22 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea chooni, mahali pekee hapa shuleni mtu anapoweza kukaa peke yake. Mafua yameisha. Sijambo, lakini si sana.

Kule kunyamaza kulitoka kwangu. Mwalimu wetu akinyamaza, anajua anachokifanya na anajua anamfanyia nani. Sisi hatukujua. Tulimwandika mtunza stoo kama tunavyoandika "kiti".

Nakuomba uende kwake. Usivae suti ya mtaalamu. Mwambie hakuna aliyempunguza, arudi kazini. Na umwambie kuna binti naye anaomba radhi, hata kama hanijui.

Mwanao

*

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Usijibebeshe mzigo wote. Mwenye mdomo pale ukumbini nilikuwa mimi.

Nilikwenda. Nilimkuta kizingitini anasugua viatu vya shule vya wajukuu wake, jozi tatu. Nikamwamkia, hakuitikia.

"Wewe tena? Umekuja kupunguza nini hapa, mlango?"

"Mama, ule ulikuwa mchezo tu."

"Mchezo wa nani?"

Akaendelea kusugua. "Miaka kumi na tisa haijapotea hata skrubu. Unanichezea mbele ya watoto niliowapokea kazini mimi mwenyewe, nikawaonyesha hata choo kilipo?"

Nikamsihi arudi. Akasema, "Niliondoka kwa heshima. Siendi kupiga magoti. Wakinitaka, wananijua ninapokaa." Salamu zako nilizifikisha. Akauliza una umri gani, basi.

Jumatatu nikaomba dakika mbili kwenye mkutano wa asubuhi wa kiwanda. Meneja akakubali, akidhani nimewaletea nyongeza ya mchezo. Sikuvaa kitu chochote cha mchezo. Nikasema, "Mimi si mtaalamu, ni mchekeshaji. Yule mama hakupunguzwa na mtu yeyote." Fundi mmoja akaangua kicheko. Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi. Nikasema natoka nyumbani kwake, amekaa bila kazi na ana wajukuu watatu. Wakashikana mabega wasianguke. Miaka kumi na tano nautafuta ukumbi ucheke namna ile.

Sijui niseme nini tena ndipo niaminike.

Baba yako

*

Tarehe 15 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua umechoka, kwa hiyo nitaandika machache.

Usiseme. Andika. Wakikuona wanacheka, lakini karatasi haina uso. Nakala ya mchezo uliyonitumia ina saini ya meneja kila ukurasa, hata ule wa mtunza stoo. Maana yake alijua kabla ya watu wote mle ukumbini, kwamba yule mama hafukuzwi. Nairudisha humu ndani. Ipeleke makao makuu, yale ya kweli. Eleza mambo yalivyofuatana, usiongeze utani hata mmoja, na useme wewe ulikosea wapi.

Najua hawatakuita tena, na wengine watasikia. Nimelifikiria hilo siku tatu kabla ya kukuandikia. Hata hivyo, Baba.

Mwanao

*

Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa kimya kirefu. Mama yako ni mzima, na mgongo umetulia kwa sababu sina safari.

Niliandika. Mara ya kwanza kulikuwa na mizaha miwili, nikaifuta. Nakala ya kwako nikaiambatisha. Wiki tatu hakuna neno. Kisha nikaitwa, nikakaa mbele ya watu watatu wa makao makuu, nikasomewa barua yangu mwenyewe kwa sauti. Meneja alikuwepo. Hakuna aliyecheka, na ndipo nilipojua kwamba wameamini.

Walimwandikia yule mama barua ya kumwomba radhi na kumwita kazini. Meneja aliipeleka kwa mkono wake hadi nyumbani. Mimi, yule mama amesema hataki kuniona, na ana haki. Kampuni mbili zimeshafuta michezo niliyokuwa niifanye kwenye mikutano yao. Nimelala sana siku hizi, hata mchana.

Lakini jana asubuhi nilikwenda kiwandani. Nilisimama ng'ambo ya barabara kwa fundi viatu, nikijifanya nangoja soli. Saa moja na nusu dirisha la stoo likafunguka. Mkono wenye koti la bluu ukatokeza na ndoo, ukamwaga maji ya kudekia, meusi kwa vumbi la miezi miwili, kisha ukarudi ndani.

Fundi viatu akaniuliza, "Mzee, unacheka nini?"

Sikuwa nimejua kwamba nacheka.

Baba yako