Saa Tuliyoiunda Mimi na Mzee

Shemeji yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, mkeo na watoto. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba kile kikohozi cha mtoto wenu mdogo ulichonisimulia kimeshakatika. Sisi huku tupo. Sisemi hatujambo, maana utajua nakudanganya, lakini tupo, tunakula, na mvua ikitaka kunyesha tunaanua nguo.

Uliponipigia simu juma lililopita ulikuwa na hasira, na haki ya hasira unayo. Ulisema nimemvisha baba yako saa feki mpaka akavunjwa mkono kwa ajili yake, na kwamba mwisho wa mwezi unakuja kumchukua. Kisha ukakata. Mimi si mwepesi wa maneno kwenye simu. Mtu akinipandishia sauti, ulimi unaganda. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nakuomba usome mpaka chini, halafu ukate shauri.

Kazi yangu unaijua, kuchonga vioo vya miwani. Kutwa nasaga kioo kikae kwenye fremu ya mtu, na mtu huyo akishaivaa anaondoka zake, simwoni tena. Labda ndiyo sababu nilipenda kuwa na kitu cha kutengeneza na kubaki nacho. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua saa moja ya kuiga, nakala ya zile saa kubwa za wapiga mbizi zenye duara la kuzungusha juu. Kwa mbali ilipendeza. Ukiisogeza karibu, aibu tupu: kingo zinakwaruza ngozi, mshale wa dakika umepinda, mashine ndani inakoroma kama mtu mwenye mafua. Nikaifungua kwa udadisi tu. Nikalainisha kingo kwa msasa, nikabadilisha kioo, nikaagiza mishale mingine, baadaye mashine nyingine, mpaka ikawa kilichobaki cha saa ile ya kwanza ni kasha peke yake. Siku nilipofunga kifuniko cha nyuma na kuigeuza, mshale wa sekunde ukaanza kuteleza bila kushtuka-shtuka. Shemeji, sisi hatukujaliwa mtoto, basi usinicheke nikikuambia kwamba nilimwita dada yako aje kuiona, naye akaja mbio akidhani nimejikata.

Marehemu dada yako alinitania sana. Meza yangu aliiita wodi. Akipita na kikombe cha chai huuliza mgonjwa ameamkaje, na akiniona nimenuna anajua upasuaji umeharibika. Wageni walipouliza kama saa ya mkononi mwangu ni ya kweli, yeye ndiye aliyejibu. Alisema ya kweli ni mume, saa ndiyo feki, na heri iwe hivyo kuliko kinyume chake.

Dada yako alipozidiwa na ugonjwa, Mzee alikuja na begi moja, akasema atakaa mpaka binti yake asimame. Hakusimama. Tulipotoka makaburini alirudi nami nyumbani, begi akaliweka palepale, wala hakuna aliyemwuliza mwenzake kama anakaa au anaondoka. Mimi nikaifunika meza kwa shuka. Mkwe na mkwe ndani ya nyumba moja, unajua mambo yake: heshima ilikuwa nyingi kuliko maneno. Asubuhi namwamkia. Jioni namwuliza kama amekula, anasema amekula, na sufuria ipo vilevile nilivyoiacha. Kiti cha dada yako tulikizunguka kama watu wanaokwepa shimo. Tuliishi hivyo miezi mingi.

Jumapili moja nilifungua mlango nikamkuta ameketi kwenye meza yangu. Shuka ameikunja na kuiweka pembeni. Ameshika kasha tupu la saa, amefumba jicho moja, analiinua kwenye mwanga wa dirisha kama anavyokagua ukuta. Unakumbuka waashi wenzake walivyomwita Timazi, kwa sababu aliona ukuta umelala kabla hawajashusha ile kamba yenye risasi. Hata hakugeuka. Akaniambia lile duara limekaa upande. Nikamwambia haiwezekani, limetoka kiwandani hivyo. Akasema basi kiwanda kizima kimekaa upande. Tukabishana mpaka jua likahama dirishani, nami nikagundua kwamba hatukuwahi kusema maneno mengi hivyo tangu nimwoe binti yake.

Jumapili iliyofuata alikuwa mezani kabla yangu. Nikaanza kumfundisha. Vidole vyake unavijua, vidole vya tofali na chokaa. Kibano kilipotea ndani yake kama sindano. Skrubu zilimruka. Kila ikiruka moja tunapiga magoti wote wawili na tochi, tunatambaa chini ya meza tukigongana vichwa, na heshima ya ukwe inabaki huko juu inatusubiri. Alitukana, shemeji. Sikujua baba yako anajua matusi yale.

Lakini alipofika kwenye moto akawa bwana wangu. Tuliamua mishale iwe ya buluu, na buluu ya kweli haipakwi rangi, inapikwa. Unaulaza mshale wa chuma juu ya kibati, chini unawasha kijimoto kidogo, unatazama. Kwanza unakuwa kama nyasi kavu, halafu kahawia, halafu zambarau, kisha ghafla buluu, na hapo hapo uuondoe. Ukichelewa kidogo unageuka kijivu kama maiti. Mimi niliunguza mingi. Yeye aliinama juu ya kile kibati akaacha kupumua, akaniambia ninyamaze ingawa sikuwa nimesema kitu, akauchota katika buluu yenyewe. Kisha akakaa akiutazama, mdomo wazi.

Uliposema saa feki uliniuma, kwa sababu neno hilo tuligombana juu yake mimi na yeye. Nyuso za saa za kuiga huja zimeandikwa jina la wenye kiwanda kikubwa, kwa herufi za kujivuna. Mimi nilizoea kuliacha, ndiyo raha ya nakala, ifanane. Mzee alikataa katakata. Alisema, “Nimejenga nyumba za watu maisha yangu yote na sikuandika jina langu hata kwenye moja. Lakini la fundi mwingine pia sikuliandika.” Basi tukalifuta, kwa spiriti na kijiti kilichochongwa ncha. Uso wa kwanza ulichubuka. Wa pili ulichubuka. Wa tatu ukatoka mweusi, safi, hauna neno. Miguu ya uso huo, vile vijipini vya nyuma vya kuushikilia, nayo haikulingana na matundu ya mashine mpya, tukaikata tukaubandika kwa gundi, yeye akisimamia unyoofu wake kama msimamizi wa ujenzi.

Siku ya kuimaliza tuliitumbukiza kwenye bakuli la maji kuona kama itatoa mapovu. Tuliinamia bakuli lile tumeegemeana mabega. Hakikutoka kipovu hata kimoja, na ndani ya maji mshale wa buluu unazunguka taratibu, haujali. Mzee akacheka. Kicheko chenyewe kilianza kama kikohozi, mpaka akalazimika kushika meza. Nakwambia hivi ili ujue kwamba baba yako alicheka katika nyumba hii, baada ya msiba.

Tangu hapo akaivaa, akaanza kutoka. Anakwenda kwa kinyozi, anafika stendi, anarudi na habari. Watu aliwatajia saa bila kuulizwa. Kinyozi aliniambia mtaa mzima hauwezi tena kuchelewa popote kwa ajili yake.

Siku yenyewe ilikuwa mchana kweupe, ametoka kwa huyo kinyozi, hajafika hata kona ya duka la vipuri. Vijana wawili wakamsimamisha. Kinyozi, aliyekuwa mlangoni anakung'uta taulo, anasema walianza kwa adabu: mzee wetu, tupe hiyo saa uende zako salama. Mzee akasema hapana. Wakarudia. Akasema hapana, akauficha mkono kifuani. Wakamvuta, akang'ang'ana, mmoja akamsukuma, akaangukia ukingo wa mtaro kwa mkono wa kulia. Wakaichomoa wakakimbia. Nilipopigiwa simu nilitoka kazini na aproni yangu, vumbi la vioo limenijaa mpaka kwenye nyusi.

Daktari alisema mfupa wa kifundo umevunjika vipande, na mishipa ya vidole imeumia. Alisema kijiko atashika. Nikamwuliza kuhusu vitu vidogo zaidi. Akainama kuandika dawa.

Nilimkasirikia Mzee, sitakuficha. Nikamwinamia pale kitandani nikamwuliza kwa nini hakuwaambia tu kwamba ile ni nakala, haina thamani sokoni, wangeitupa wenyewe. Akasema, “Mkwe wangu, mwaka jana nilinyang'anywa mtoto, wala hakuna aliyeniuliza. Hawa waliniuliza. Nikasema hapana.”

Nilitoka nje nikasimama karibu na mabomba ya maji mpaka nikaweza kurudi ndani.

Sasa yupo nyumbani. Mkono umefungwa, umening'inia shingoni. Kwenye meza haji. Jumapili iliyopita nilitandika vifaa, nikatoa uso mwingine mweusi, nikamwambia nahitaji jicho lake, mikono nitatia mimi. Akasema mwashi asiye na mkono ni mtazamaji, na watazamaji aliwafukuza kwenye kazi zake zote. Akarudi chumbani akaketi kitandani, ameuelekea ukuta. Nilipomfikishia ujumbe wako hakubisha. Alisema mzigo hauulizwi unapelekwa wapi, akaniomba nimshushie begi lake juu ya kabati. Nimelishusha. Lipo karibu na mlango, halijatiwa kitu.

Shemeji, nilipoanza barua hii nilikuwa nimejipangia sababu za kukuomba umwache. Kwamba hospitali ipo karibu, kwamba kinyozi humjia nyumbani, kwamba huko kwenu yeye hamjui mtu wa rika lake. Zote ni kweli. Lakini hakuna hata moja iliyo sababu yangu, na ukija hapa nikakuangalia usoni utajua.

Ile Jumapili niliyokueleza, nilipomkuta mezani na kasha tupu, mimi sikuwa natoka dukani wala kwa rafiki. Nilikuwa nimetoka nyumbani asubuhi nikiwa sina nia ya kurudi. Nilifika kwenye daraja. Unaelewa ninachosema, usinilazimishe kukiandika. Nilipotia mkono mfukoni nikashika ufunguo wa mlango, na ulikuwa mmoja tu, na nilikuwa nimefunga kwa nje kama nilivyozoea siku za ugonjwa wa dada yako. Nikafikiri, mzee wa watu atakufa njaa humo ndani na mimi ndiye nimemfungia. Nikarudi ili nimfungulie tu. Nikamkuta amefunua meza yangu, ananiambia duara limekaa upande. Nikakaa nibishane naye. Ndivyo nilivyobaki.

Hajui. Katika ndugu zetu hakuna anayejua ila wewe, tangu sasa. Sikuandikii ili uogope kumgusa. Mtu mzima hafungwi kwa huruma ya mwingine. Mawazo yale hayajarudi, na yakirudi nimeshajua mlango wa kugonga, maana muuguzi mmoja pale hospitalini aliniona kwenye mabomba akanikalisha chini tukazungumza, nami nimeahidi kurudi kwake. Ila nisingekuambia ungeendelea kuamini kwamba mimi ni mtu na saa zake za kuchezea, na baba yako ameponzwa na mchezo. Haukuwa mchezo. Kule kuinamia kitu kidogo kilichokufa, ukakitafutia mashine, ukakinyoosha, ukakiona kinatembea, ndiko kulikotushikilia watu wawili ambao tulikuwa hatuna pa kushika.

Basi njoo, shemeji. Usingoje mwisho wa mwezi. Lakini usije na gari la kupakia. Njoo ukae nasi japo juma moja, ukae naye chumbani mwake, umwulize yeye mwenyewe anataka wapi. Akisema kwako, begi nitalibeba mimi hadi stendi, sitatia neno. Akisema hapa, nitamtunza kama nilivyojaribu. Na akinyamaza, kaa naye vivyo hivyo. Nimejifunza kwamba kunyamaza kwake kuna nafasi ya mtu wa pili.

Wasalimie watoto, mdogo umpe pole ya kifua. Mkeo mwambie kanga ambazo marehemu alimwekea bado ninazo, nitampa mwenyewe akija. Mzee hakukusalimu kwa mdomo, lakini nilipomwambia nakuandikia alivuta kiti akakaa mlangoni kwangu mpaka sasa hivi.

Jambo moja tu nakusihi. Ukifika, usimwambie niliyokuandikia juu ya daraja. Anaamini mimi ndiye ninayemtunza.

Wako wa damu ya msiba,
shemeji yako, fundi miwani