Majivu Yasiyofagiwa

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tano

Nimesoma tena nikisonga bugali. Karatasi imeshika unga, haidhuru. Sababu ya hasara. Ukubwa wa hasara. Je, mukataba unailinda? Nasoma kwa sauti, binti yangu Furaha anacheka.

"Mama, sasa unahubiria sufuria?"

Nahubiria. Sekondari niliiachia katikati, kichwa kimezoea mambo mengine. Miaka mingi nimeuzia bamotari, wale wa pikipiki, bima hapa Baraka. Sasa kampuni inataka mutu mwenye cheti, atakayekagua hasara na kusema kama bima inalipa. Nikianguka mutihani wataleta mwingine kutoka Bukavu, mimi nirudi nyumbani. Bwana, unishike. Naogopa.

Jumatano, tarehe 6

Aibu. Mwalimu Kashindi, anayetufundisha sisi tunaotafuta cheti, alitupeleka sokoni kwa duka lililoungua jana. Mazoezi. Mama mwenye duka amekaa chini, kitambaa kimemutoka kichwani. Bamama wa jirani wanafagia. Kwetu hauachi mutu wa musiba akae ndani ya uharibifu wake. Mikono haikuniuliza. Nikaweka kalamu, nikashika ufagio.

Mwalimu alikuwa amezunguka nyuma. Aliporudi, pahali moto ulipoanzia palikuwa safi kama kanisa siku ya Pasaka.

"Mama Furaha, umefagia ushahidi wote."

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Nikifanya vile siku ya mutihani, anasema, basi nimeanguka.

Alhamisi, tarehe 7

Sikusoma. Nina hasira na mwalimu. Nina hasira na mimi zaidi.

Jumapili, tarehe 10

Pasta aliombea wenye mitihani. Nikanyanyua mukono katikati ya batoto wa shule. Mama Atosha, rafiki yangu wa kwaya, akaninong'oneza: "Na wewe tukushonee iniforme ya shule?" Nilicheka mpaka wimbo ukanipita.

Ibada ilipokwisha nikamueleza ile habari ya ufagio. Yeye haoni kosa.

"Ungefanya nini sasa? Umuangalie tu?"

Swali lake nimerudi nalo nyumbani.

Ijumaa, tarehe 15

Mutihani. Asubuhi ule wa kuandika. Swali moja nimeliruka, Mungu anajua.

Muchana ule wa mikono. Walitupa kila mutu pahali pake. Mimi, nyumba ya mashini ya kusaga muhogo ya Baba Sifa, imeungua juzi. Ni shemasi wetu. Nikamwambia mwalimu kwamba namujua. Akasema neno la mwisho ni lake, mimi nionyeshe kazi tu.

Bamama wa kanisa walikuwa wanafika, ufagio mikononi, Mama Atosha mbele. Nikasimama mulangoni.

"Bamama, naomba musiguse kwanza."

"Mama Furaha, iko nini? Unatufukuza kwa musiba?"

"Hapana. Mukae na Baba Sifa. Haya majivu ndiyo yatamusemea kwa kampuni."

Mama Atosha aliniangalia kama mugeni.

"Kazi imekukausha roho, dada."

Ilinichoma. Nikapima. Nikapiga picha. Nikachora pahali ukuta umekuwa mweusi zaidi, na waya iliyoyeyuka pale chini yake. Muda wote ule Baba Sifa aliangalia majivu yake na hakuna aliyemuondolea. Ni vibaya. Hata kama ni sheria ya kazi, ni vibaya.

Mwalimu alipofunga daftari nikauliza kama nimemaliza. Umemaliza, akasema. Nikavua viatu nilivyovalia mutihani, nikanyooshea Mama Atosha mukono anipe ufagio.

Hakunipa mara moja.

Jumapili, tarehe 17

Kwaya. Mama Atosha alisimama safu ya nyuma, si karibu na mimi. Niliimba vibaya.

Jumatano, tarehe 20

Nimeshinda. Si kwa alama za kujivunia, lakini nimeshinda. Nilipiga magoti palepale bironi, ndani ya ofisi ya kampuni, watu wakaniangalia, sikujali.

Kesho naenda Lulimba, duka limeangukiwa na ukuta. Mutu wangu wa kwanza wa kweli. Nilikuwa nafunga mufuko Mama Atosha akaingia bila hodi. Baba Sifa amemueleza: kampuni imekubali hasara yake, na picha zangu ndizo walizoangalia. Hakuomba samahani, na mimi sikuingoja. Ametoa kwa kikapu ufagio mufupi, mupya, ameufunga kwa kipande cha kitenge.

"Utie humo. Ukimaliza kuandika yako, ufagie."

Nimeutia pamoja na mita na kalamu. Muti wa ufagio umetoka inje, zipu haifungi.

Nimeuacha hivyo.