Jiko Lililotembea Mtaa Mzima

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani, na wifi je, na wanangu? Kile kifua chako cha majira ya baridi kimetulia? Sisi huku ni wazima. Goti la Mama bado linasumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Uliuliza kama lile jiko la gesi ulilomtumia Mama linafanya kazi. Kaka, limefanya kazi kuliko mimi. Kaa vizuri nikusimulie.

Unajua siku hizi nasimamia wadadisi wanaopima umaskini, mkoa kwa mkoa. Hatuulizi mtu ana pesa ngapi. Tunauliza maji anachota wapi, sakafu yake ni ya nini, anapikia kuni au gesi, nani nyumbani kaacha shule. Nyumba ikipungukiwa katika mengi ya hayo inahesabiwa maskini, hata kama mwenyewe kavaa saa. Mitaa iliyopungukiwa zaidi ndiyo itakayoanza kuwekewa bomba la maji, na wewe unajua Mama anavyojikokota kisimani na ndoo yake.

Ikafika zamu ya mtaa wetu. Siruhusiwi kumhoji mama yangu, kwa hiyo nikamtuma mdadisi mmoja mpole tunayemwita Kalamu. Jioni nikapitia fomu zake. Nyumba kumi na moja, zote zinapikia gesi, mtaa huuhuu ambao moshi wake umetutoa machozi tangu utotoni. Nikamuuliza kama majiko hayo aliyaona kwa macho yake. Akasema aliyaona yote, tena mapya, yameandikwa "Kwa Mama" ubavuni kwa wino mweusi. Alidhani ni jina la kiwanda.

Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Ule ni mwandiko wako, Kaka. Watu wazima walikuwa wanalipitisha jiko ua kwa ua, wakimtangulia Kalamu, ili mgeni asione aibu yao. Na aliyebuni mchezo huo ni Mama. Mtungi wenyewe uliisha zamani, ila hakutaka ujue.

Asubuhi nikamweleza Mama kwamba fomu zikienda vile, bomba litapita mtaa mwingine. Aliendelea kumenya viazi mpaka bakuli likajaa. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimewaponza wenzangu kwa kupenda sifa." Nikamwambia fomu bado ziko kwangu, watu wanaweza kuulizwa upya. "Basi mwite huyo Kalamu wako. Aanzie hapa, na mlango uachwe wazi."

Kalamu akarudi. Mama akampeleka jikoni mwenyewe, akamwonyesha mafiga na ukuta wenye masizi. "Andika kuni. Lile jiko ni la mwanangu, lilikwenda kutembea tu." Alipomaliza akatangulia kwa jirani, akichechemea, akiwaambia wenzake kwamba mficha uchi hazai. Nyumba kumi zilizobaki zikasema kweli. Nilimwonea fahari, Kaka, kuliko siku yoyote.

Wiki iliyopita mafundi walikuja na kamba, wakapigilia kigingi mbele ya mlango wetu. Bomba lenyewe bado, na mwendo wa serikali tunaujua, lakini mtaa wetu umo kwenye orodha. Mama anakifagilia kigingi kila asubuhi na hataki mtu afunge mbuzi hapo.

Ni yeye aliyesema nikuandikie yote bila kuficha. Sasa zamu yako. Miaka sita unatuambia kazi nzuri, nyumba kubwa, na hatujaona picha hata ya chumba kimoja. Ukijibu barua hii, tafadhali usiazime jiko la jirani.

Msalimie wifi, na wanangu uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mjomba fundi cherehani anakusalimu na anauliza vipimo vya kiuno chako vya sasa. Mama anakuombea Mungu akulinde. Anasema pia, hata kama huko hali si nzuri, mlango bado uko wazi.

Mdogo wako akupendaye, kwa kuni au kwa gesi,

Dada yako.