Yuaja Si Kosa

Mjukuu wangu Saumu,

Hujambo huko bara? Sisi hapa Mishomoroni tu wazima, alhamdulillahi. Mjombako amepata kazi Changamwe, na babuko bado agombana na goti lake.

Waniuliza ufanye nini, maana mwalimu wako wa Kiswahili hapo chuoni amekukata alama kwa kuandika "yuaja". Asema sahihi ni "anakuja". Kosa! Wallahi, chai imenipolea mkononi. Lugha niliyonyonyeshwa nayo, leo nahukumiwa nayo!

Nami skuli nilipigiwa mstari mwekundu neno hilohilo. Nikalifuta. Jioni yake mamangu akaniambia, "Babako yuaja, teleka chai." Nikamjibu kwa kiburi, "Si yuaja, Mama. Ni anakuja." Hakunikemea. Lakini tangu siku hiyo, kila akisema nami alisita kwanza, kama mgeni achaguaye maneno nyumbani kwa watu.

Basi wewe usilifute. Nenda kwa huyo mwalimu, mpe shikamoo yake kamili, kisha umwambie neno hilo umepewa na nyanyako. Akikataa, alama na abaki nazo.

Na likizo ikifika nipigie simu, niwatangazie majirani: Saumu yuaja.

Nyanyako